Mwisho Nilioutia Chumvi

Kikao chetu cha filamu kilikuwa na sheria moja tu: ambaye hakuona mwisho hana neno. Ukitoka kwenda kuanua nguo, ukisinzia, au umeme ukipotea dakika kumi kabla ya mwisho, basi Jumapili utakaa kwenye benchi usikilize wenzako wakibishana, na hutafungua kinywa. Mimi nilinyamazishwa hivyo mara nyingi, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hiyo ni adhabu ya kweli.

Sheria hiyo aliitunga fundi mwenzangu. Alikuwa mzee wa kutoka upande wa Sondu, mshonaji wa suti na majoho ya kwaya, na cherehani yake ilikaa mkono wa kulia wa yangu katika baraza moja hapa mtaani Obunga kwa miaka kumi na mitatu. Aliniita Nyar Asembo, binti wa Asembo, kwa kuwa nilizaliwa kule ufuoni. Mimi nilimwita Mzee. Mlango wa pili ni wa fundi wa simu, mwenye televisheni kubwa na roho kubwa zaidi, na ndiko tulikokutana kila Jumapili baada ya kanisa: sisi wawili, yeye mwenye duka, mama anayeuza omena, dagaa wa ziwani, ng'ambo ya barabara, na mwendesha bodaboda mmoja ambaye hajawahi kuona filamu mbaya maishani mwake. Kila mmoja alieleza aliyoiona wiki ile, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha sote tukamrukia.

Mzee ndiye aliyekuwa hakimu wetu. Hakuwapenda madijei, wale wanaosema kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji na kukuambia nani ni nani, nani atapigwa, na nani amepikiwa nini. Bodaboda aliwapenda mno, na waligombana kuhusu jambo hilo karibu kila wiki. Mzee alisema mtu wa kusimulia asimulie alichokiona, akome hapo.

"Chumvi ni ya samaki," alimwambia.

Mwaka jana, mwezi wa pili, alianza kuniomba nimtungie uzi kwenye sindano. Alisema sindano za siku hizi shimo ni ndogo. Nilimtungia, nikamtania kwamba uzee umembishia hodi. Baadaye niliona vifungo vya koti moja vimekwenda upande kama wanafunzi waliochelewa mstarini, nami nikamuuliza kwa ukali, maana koti lile lilikuwa la mteja wangu. Akaniambia. Alikuwa na presha ya macho. Hospitalini walimpa dawa ya matone, wakamweleza kwamba nuru iliyobaki itajaribiwa kulindwa lakini iliyokwisha kupotea haitarudi. Uso wa mtu aliuona bado, kukiwa na mwanga na mtu akisogea karibu. Maandishi hapana. Televisheni ya fundi wa simu ilikuwa kwake rangi zinazotembea.

Aliniomba mambo mawili. La kwanza, nimkatie vitambaa na kumtungia nyuzi hadi amalize kazi za watu. La pili, wale wa Jumapili wasijue.

"Nikinyamazishwa pale, Nyar Asembo, mimi nabaki na nini?"

Mke wake alikuwa amekwisha kufariki. Nilikubali bila kufikiri mara mbili.

Kwa hiyo kila Alhamisi mchana, wateja wakipungua, tuliketi nyuma ya pazia ambapo watu hujaribia nguo. Filamu ilicheza kwenye simu yangu, naye akakaa ameinamisha kichwa, mkono juu ya goti, akisikiliza. Mimi nilijaza pale sauti isipofika. Sasa ameingia chumbani. Sasa ameona barua. Hapana, hajaishika, ameiangalia tu. Nilijifunza kusema maneno machache na kusema kwa wakati, na niseme ukweli, niliipenda kazi ile kuliko kushona. Jumapili alitoa hukumu zake kama kawaida, na mara nyingine aliona jambo ambalo mimi mwenye macho mawili sikuliona. Hakuna aliyemshuku.

Jambo ambalo ni lazima nilieleze sasa ni la binti yake. Alikuwa naye mmoja tu. Alipotaka kuolewa, Mzee hakumpenda yule mwanamume, na alipomkatalia, binti akaenda zake Nakuru na kuolewa huko. Mzee amewashonea maharusi wa nusu ya Obunga, lakini gauni la mwanawe hakulishona. Alimwambia asikanyage kwake mpaka aje kuomba msamaha. Ilikuwa imepita miaka sita. Simu haikupigwa kutoka huku wala kutoka huko, na mimi niliyekaa kando yake siku zote hizo nilijua kwamba kila gari la Nakuru likishusha watu hapo stendi, moyo wake ulikuwa stendi.

Mwezi wa nne, mama wa Kihindi tunayenunua kwake vitambaa mjini alinipa filamu ya kwao kwenye flashi. Alisema ataniombea nikiiona bila kulia. Ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, kwa hiyo siku hiyo kazi yangu ilikuwa kubwa zaidi: Mzee hakuelewa neno hata moja ila kupitia kwangu. Habari yenyewe ni ya baba mmoja anayeuza chai kwenye stesheni ya treni. Amekosana na binti yake. Kila jioni anaosha kikombe kimoja cha ziada, anakiweka pembeni, anawaambia wateja kwamba hicho kina mwenyewe. Anakataa kumwandikia. Anasema mtoto ndiye wa kurudi.

Nilimsimulia yote hayo, na kadiri nilivyosimulia ndivyo alivyozidi kunyamaza. Alishika kipande cha kitambaa cha bitana, akawa anakikunja na kukikunjua. Nje wingu la mvua lilikuwa limefunika upande wa ziwani. Filamu ilipofika mwisho, yule baba akafa, nami hilo sikulisema. Binti alishuka kwenye treni siku mbili baada ya maiti kuchomwa, akakuta kikombe, akakaa chini palepale akalia.

Mzee alinigeuzia uso. "Anafanya nini?"

Nikamwambia amemkuta baba yake. Amemiminiwa chai kwenye kikombe chake, wanakunywa.

"Na hicho kilio?"

"Ni furaha, Mzee."

Nimejitetea mara nyingi moyoni kwamba nilimhurumia. Nilimhurumia, ndiyo. Lakini pia mvua ilikuwa inakuja, nilikuwa na nguo kwenye kamba, na mtu mzima akianza kulia humwachi na kwenda zako. Huruma yangu ilikuwa na haraka ndani yake.

Alikiweka chini kile kitambaa. Akasema, taratibu kabisa, kwamba basi yule msichana alirudi mwenyewe, hakuitwa. Akasema na wake atarudi, damu ni nzito kuliko maji. Nilifungua kinywa kumsahihisha. Tone la kwanza likagonga bati, nikakimbilia nguo zangu.

Jumapili iliyofuata aliieleza filamu ile kikaoni vizuri hata mama wa omena akajifuta macho. Alisema ndiyo filamu bora aliyowahi kuona. Tangu siku hiyo alitulia. Hakutega tena sikio magari yaliposhusha watu. Mimi nilijiambia kwamba uongo unaompa mtu usingizi si dhambi kubwa, na miezi ikapita, na macho yake yakaendelea kuzima. Kufikia mwezi wa kumi aliniuliza kama taa imewashwa saa sita za mchana.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa ndefu kiasi cha kunidanganya hata mimi. Mwezi wa kumi na moja, Jumapili, bodaboda aliingia akiwa na furaha zake. Dijei mmoja alikuwa ameitafsiri ile filamu ya kikombe, na yeye aliiona juzi. Akasema ni kali, ila inaumiza, vile yule mzee anakufa.

Mzee akacheka. Akamwambia hao ndio madijei aliokuwa akiwasema, sasa wameanza hata kuua watu. Bodaboda akasema hapana, Mzee, anakufa kabisa, anachomwa. Mzee akamwambia kwamba yeye ameiona filamu hiyo kwa Kihindi chake, wanakunywa chai pamoja, na kama kijana alitoka kabla ya mwisho akae chini anyamaze. Walibishana. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao, na mdomo wangu ninaojivunia ulikuwa umekauka. Fundi wa simu, ambaye hapendi ugomvi dukani mwake, akachukua flashi ya bodaboda, akaichomeka kwenye televisheni, akasogeza mbele hadi mwisho.

Tukaangalia. Yule dijei siku hiyo hakutania hata kidogo. Sauti yake ilishuka, akasema kwa Kiswahili kinyoofu kwamba mzee ameondoka, watu wangu, na binti amefika lakini amechelewa. Kisha akanyamaza, akawaachia waigizaji wamalize.

Bodaboda aligeuka kumwangalia Mzee ili afurahie ushindi wake, na hapo ndipo sote tulipoona. Televisheni iko ukutani, upande wa dirisha. Mzee alikuwa ameketi wima, mikono magotini, akiangalia kwa makini sana kwenye rafu ya chaja, ukuta wa pili, zilikowekwa spika.

Mama wa omena aliweka mkono mdomoni. Afadhali wangemcheka. Mzee alipapasa kofia yake kwenye benchi, akaivaa, akasimama.

"Ambaye hakuona mwisho hana neno," akasema, akashika ukuta, akatoka.

Jumatatu hakuja kazini, wala Jumanne. Nilishona sare za shule na kuzifumua. Jumatano bodaboda alimleta, akamshika mkono mpaka kwenye kiti chake, akaondoka bila kunitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nilikuwa nimetunga hata majibu. Mzee aliweka kiganja juu ya cherehani yake, akakiacha hapo.

"Mwezi wa nne," akasema, "nilikuwa bado naona sura. Mtu akikaa karibu hivi, nilikuwa naona sura."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Naapa, katika miezi yote ile sikuwa nimelifikiria. Nilidhani nimemwibia huzuni ya mchana mmoja, kumbe nilikuwa nimemwibia uso wa mtoto wake. Angeusikia mwisho wa kweli siku ile, angepiga simu siku ile, na binti angekuja wakati kulikuwa bado na kitu cha kuonwa. Nililia, na yeye hakunibembeleza, wala sikustahili. Nikamwambia nisamehe. Alitoa simu yake mfukoni akaninyooshea, akasema nitafute namba ya mtoto.

Namba ilikuwapo. Miaka sita hakuwa ameifuta. Ilipoita, nilimwekea simu sikioni, nikasogea mbali kadiri baraza linavyoruhusu, ambako si mbali. Alisema ni baba yako. Kisha akakaa muda mrefu akisikiliza. Kisha akasema njoo.

Alikuja Ijumaa, saa sita hivi. Nilimtambua kabla hajauliza. Alisimama kwenye ngazi ya baraza na mkoba wake, akimwangalia baba yake, na Mzee alikuwa amegeuzia uso kule mahali pasipo na mtu. Binti hakuwa ameambiwa kuhusu macho. Niliona akielewa.

"Amefika?" Mzee akaniuliza.

"Amefika, Mzee."

"Nisimulie. Na usitie chumvi."

Nilimtazama binti kama kumwomba ruhusa, lakini machozi yalikuwa yameanza kumtoka. Nikasimulia. Nikasema amekonda kuliko alivyoondoka. Nikasema ana mvi hapo mbele, upande wa kushoto, na mikunjo miwili katikati ya nyusi kama ya baba yake. Nikasema amevaa gauni la buluu, na pindo lake limeshonwa vibaya.

"Vibaya vipi?"

"Nyuzi zimeachwa wazi."

Mzee akanyoosha mkono. Binti akasogea, na mkono wa baba yake ukalipata lile gauni, ukashuka nalo mpaka kwenye pindo, vidole vikapita kwenye mshono polepole, uzi kwa uzi. Akalishika tu, hakuliachia. Juu ya kichwa cha baba yake, binti alikuwa analia kwa sauti sasa.

Mzee alinigeuzia uso kama siku ile nyuma ya pazia.

"Na hicho kilio?"

Nilikuwa na jibu. Jibu tamu lilikuwa palepale mdomoni, tayari.

"Sijui, Mzee," nikasema. "Muulize mwenyewe."

Nikaacha kazi yangu kwenye cherehani, nikashuka ngazi, nikavuka barabara. Mama wa omena alinisogezea ndoo nikalie. Akaniuliza kumekuwaje huko. Nikamwambia sina neno, nimetoka kabla ya mwisho.