Matuta Mawili ya Pembeni

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Desemba ile ng'ombe wa mkokoteni walipokurupuka wakamvunja baba mguu, nilitangaza nyumbani, kijijini kwetu Kate, kwamba bweni sirudi. Nilikuwa naingia kidato cha tatu, nikasema kidato hakilimi. Nani atainua matuta? Mama yangu mzazi alishafariki, na mama mdogo Cornelia, mke wa baba, nilimwona mtu wa kupika na kunyamaza tu. Baba akasema uamuzi ni wangu. Mama mdogo akaendelea na mapishi yake.

Huku Ufipa ukikosa matuta ya masika, yale ya duara tunayoyaita intumba, mwaka huu huna maharage na mwakani huna ulezi. Ni kazi ya Januari na Februari, miezi ambayo tangu nipelekwe bweni darasa la tano sijawahi kuwa nyumbani. Lakini kwani kuinua tuta nako kunataka cheti? Nikashika jembe. Nikafanya kama tulivyofundishwa kwenye bustani ya shule: nyasi zote nang'oa, natupa pembeni, kisha nakusanya udongo mtupu. Jioni nayatazama matuta yangu, safi, hayana hata jani, najiona mkulima kwelikweli.

Kitu kimoja kiliniudhi. Kila asubuhi nikirudi shambani, lile rundo la nyasi limetoweka. Nikaamua ni ng'ombe wa mzee Adolfu, jirani yetu. Nikamfuata hadi kwake, shikamoo yenyewe nikaitoa kwa kununa, nikamwambia afunge ng'ombe wake. Mzee akanitazama, akasema haya, atawafunga.

Wiki ya tatu matroni akapiga simu: wananisubiri mpaka Jumatatu, baada ya hapo nafasi yangu atapewa mwingine. Nikamjibu shamba halijaisha. Kesho yake nikadamka mapema kuliko siku zote, nikamkuta mama mdogo ameshatangulia. Kanga yake ilikuwa imelowa umande mpaka magotini. Alikuwa anabomoa matuta yangu ya jana, moja moja, anarudisha nyasi ndani, anafukia upya. Nyasi ndizo mbolea, zinaozea ndani ya tuta. Hapa kwetu mtoto wa miaka kumi na miwili anajua. Mimi sikujua.

Jamani! Wiki tatu nzima nimebaki nyumbani nimsaidie, kumbe namlimisha shamba mara mbili. Aibu ilinishika nikalia palepale. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa unayafurahia," akasema. "Halafu ungenikasirikia."

Na kweli ningemkasirikia.

Akaegemea jembe, akapumua. "Shamba mimi naliweza, Epifania. Shule ndiyo siiwezi. Hiyo nenda wewe."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Nikapita kwa mzee Adolfu kuomba radhi, akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa akimwona mama mdogo kila alfajiri, na wala hakumwambia mtu. Jumatatu nikapanda basi la Sumbawanga na tranka langu.

Juni nikarudi likizo. Maharage yalikuwa tayari kuvunwa, yamefunika matuta yote isipokuwa mawili ya pembeni, ambako miche ilikuwa mifupi, imekonda. Mama mdogo alikuwa ameyaacha yale mawili kama nilivyoyainua mimi, safi, bila nyasi ndani. Baba akaniambia mkewe alikataza mtu kuyagusa, eti ni ya Epifania.

Maharage ya matuta hayo hayakujaa hata viganja viwili. Mama mdogo aliyachemsha mbali na mengine kwenye sufuria ndogo, akaniwekea mbele, akasimama pale anajizuia kucheka. Nikala yote, sikubakiza hata punje. Kisha nikamshukuru, kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu aingie nyumba ile. Nilimwambia, "Asante, mama." Lile neno "mdogo" sikuliweka, na tangu siku hiyo sijaliweka tena.