Mshale Uliojaribiwa kwa Chembe Kingine

Niliusikia kabla sijauona. Mshale uliotengenezwa vizuri haukupi habari. Unasikia upote wa uta umelia kule kwa mpigaji, basi. Huu ulikuja unavuma, vu-vu-vu, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, nikawahi hata kugeuza shingo. Mume wangu alikuwa kulia kwangu, mkono mmoja debe, mwingine fimbo. Akaacha kupiga. Akakaa chini kwenye mabua ya mahindi taratibu, kama mtu aliyechoka, na mimi nikaona manyoya ya mshale yametokeza chini ya kwapa lake. Chembe chenyewe, kile chuma cha nchani, hakikuonekana, kilikuwa kimezama chote.

Watu wote kwenye mstari wakanyamaza. Yeye akainua uso, akasema, "Mama, mbona mmenyamaza? Pigeni madebe. Nguruwe watageuka."

Alikuwa hajajua. Mtu anakufa na mawazo yake yote yako kwenye mahindi.

Mimi ni mzaliwa wa Iringa, upande wa Kalenga. Shule niliishia darasa la nne. Niliolewa Usangu, kwa watu waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na huko ndiko nilikojua mishale. Kwetu watu wanajisifia mkuki. Baba mkwe wangu alikuwa anatengeneza mishale ya kulinda mashamba, na kwa kuwa mkwe hakai na mkwewe kupiga soga, mimi nilijifunza kwa kuangalia kutoka mlango wa jikoni. Macho yake yalipoanza kufifia akawa ananiita nimpitishie uzi. Ndipo alipoanza kunieleza, huku ameangalia pembeni kwa heshima.

Mambo yake hayakuwa mengi. Ufito wa mshale anaupasha kwenye makaa, anaunyoosha kwa meno na magoti mpaka unyooke. Manyoya yote ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja wa ndege. Ukichanganya la kulia na la kushoto yanagombana njiani. Halafu anasimamisha ncha juu ya ukucha wa kidole gumba na kuuzungusha mshale kama pia. Ukitulia, mzuri. Ukitetemeka, chembe kimekaa upande, anakitoa na kukirudisha upya.

La mwisho ndilo alilolisisitiza kuliko yote. Mshale ujaribiwe na chembe kilekile utakachokwenda nacho porini. Alikuwa na sababu. Chembe chembamba kama msumari kinafuata tu, manyoya ya nyuma ndiyo yanayoongoza. Lakini chembe kipana kama jani kina mabawa yake huko mbele, nacho kinataka kuongoza. "Ni ng'ombe wawili kwenye jembe moja," alikuwa akisema. "Wa mbele akipinda kidogo, mfereji wote umepinda. Wala usimlaumu wa nyuma."

Alipofariki, uta wake ukaenda kwa mwanawe mkubwa, yaani shemeji yangu. Uta alirithi. Subira hakurithi.

Mwaka ule nguruwe pori walitumaliza. Walikuwa wanalala mchana kwenye kichaka cha bondeni, usiku wanakula shamba. Ukaitishwa msako. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyeutangaza, shemeji akawa kiongozi wa wapiga mishale. Jioni ya kabla ya msako walijaribu mishale yao kwenye bunda la majani ya mpunga nyuma ya nyumba yetu, na kwa kweli walipiga vizuri. Ila walipiga kwa vyembe vyembamba.

Asubuhi shemeji akaja na mfuko. Alikuwa amechongesha vyembe vipya kwa fundi wa mjini Mbeya, vya chuma cha springi ya gari, vipana, makali pande zote mbili. Msako uliopita nguruwe walikuwa wameondoka na mishale mwilini, wakaenda kufia na kuoza kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Chembe kipana kinafungua damu, mnyama haendi mbali. Hilo lilikuwa kweli, silikatai. Wakawasha moto, wakayeyusha lami kwenye kopo, wakang'oa vyembe vyembamba na kupachika vipana. Wakapachika haraka haraka, kila mtu na wake.

Bunda la majani lilikuwa palepale, hatua chache.

Nikasema, "Shemeji, si mjaribu kwanza?"

"Tujaribu nini? Ulishajaribiwa jana. Uliona mwenyewe, katikati!"

"Jana kilikuwa chembe kingine."

Akacheka, akawageukia wenzake. "Msikieni Mhehe. Ninyi mmezoea mkuki, mishale umeijulia wapi? Na tangu uolewe hapa mbwa wetu wa kuwindia wamepungua, tumekunyamazia tu."

Watu wakacheka, na mume wangu akacheka kuliko wote. Na mimi nikajibu, maana utani huo wa Wahehe na nyama ya mbwa haukatazwi. "Mbwa wenu wamekonda, shemeji, hata supu hawatoi."

Huku tunacheka hivyo niliuchukua mshale wake mmoja, nikausimamisha kwenye ukucha, nikauzungusha. Ulitetemeka mpaka ukanikwaruza. Nikamwonyesha. Sikuongea kwa utani tena. "Angalia, shemeji. Hiki kimekaa upande."

Aliona. Naandika hapa kwamba aliona, kwa sababu uso wake ulibadilika, akapagusa kwa kidole pale chembe kinapoungana na uti. Ndipo mwenyekiti akasema kutoka pale kwenye moto: "Jamani, jua linapanda. Na mkivipiga kwenye majani, ncha zitagonga ardhi, mtabutua makali ya watu. Twendeni." Shemeji akaninyang'anya mshale, akauchomeka kwenye podo pamoja na mingine.

Sisi wapiga debe tukapita upande wa juu wa kichaka, ukingoni mwa shamba la mahindi, tumeachana, kila mtu anamwona wa pembeni yake. Wapiga mishale wakakaa upande wa chini, wamepewa eneo lao la kupiga, mbali na sisi. Nguruwe mmoja jike akatoka palepale alipotakiwa kutoka. Shemeji akavuta. Alilenga nguruwe, simsingizii. Mshale ulianza vizuri, halafu ukashika hewa kwa lile jani lake la chuma, ukakata kona kuja kwetu.

Waliukata ule uti wa mshale ili aweze kulazwa kwenye gari. Njiani kwenda Mbeya mwenyekiti, aliyekuwa amekaa mbele, akageuka nyuma akasema, "Tukitaja mshale, tutaulizwa kibali cha kuwinda. Kijiji kizima kitalala ndani. Semeni ameangukia fyekeo." Mimi nilikuwa nimempakata mume wangu kichwa. Nikasema sitasema hivyo. Shemeji akasema, "Basi wewe nyamaza, nitasema mimi." Hakupata hata mtu wa kumdanganya wakati ule, maana tulipofika mjini mgonjwa alikuwa ameshakwisha. Uongo aliusema baadaye, kwa polisi walioandika maelezo ya kifo.

Baada ya maziko wakakaa kikao cha ukoo. Kwanza wakasema ulikuwa upepo. Nikawauliza upepo gani, wakati moshi wa ule moto wa lami ulikuwa unapanda wima kama nguzo? Kisha mwenyekiti akapata la pili, kwamba marehemu alitoka kwenye mstari wake akawafuata nguruwe. Na hilo ndilo lililokaa. Mpaka leo ukiuliza Usangu utaambiwa alikuwa na pupa, aliingia mwenyewe mbele ya mishale. Wanangu wameambiwa hivyo na baba yao mkubwa, tena kwa huruma, huku anawashika mabega.

Hakutoka. Nilikuwa pembeni yake. Debe lake lilibaki upande wetu wa mabua tuliyoambiwa tusiyavuke.

Sasa naishi Ilomba, mjini Mbeya, nauza mchele. Nyumba ninayopanga ina bati lililolegea, na likipigwa na upepo linavuma vilevile, vu-vu-vu. Mwenye nyumba alileta misumari, akaligongomea. Bado nalisikia. Wakati mwingine nasikia hata sokoni, mchana kweupe, napima mchele wa mtu, shingo inageuka yenyewe kuangalia kulia. Mteja anauliza, "Mama, kuna nini?" Namwambia hakuna kitu. Nitamwambia nini? Nikigeuka namwona amekaa kwenye mabua, ananishangaa kwa nini tumenyamaza, na mimi sina debe mkononi.

Ukoo umeniletea habari kwamba mwaka huu wanalijengea kaburi lake. Shemeji ndiye atakayeongea kwa niaba ya familia, na mwenyekiti, ambaye bado ni mwenyekiti, atakuwa mgeni wa mbele. Nimeambiwa na maneno yenyewe: tutamshukuru Mungu, tutasema ilikuwa bahati mbaya shambani.

Shemeji, sitakaa kwenye turubai lenu kusikiliza bahati mbaya. Wewe ulionyeshwa kwamba chembe kimekaa upande, ukapiga bila kujaribu. Na wewe mwenyekiti ulithamini makali ya chuma kuliko watu waliokuwa juu ya kichaka, kisha ukamsingizia marehemu ili usiulizwe. Simameni wote wawili pale kaburini, mbele ya wanangu na mbele ya watu walewale waliopiga debe siku ile, mseme kwamba baba yao alikuwa amesimama mahali pake. Mseme ni nani aliyekataa mishale ijaribiwe. Halafu twende pamoja polisi, mkarudie maneno hayohayo bila fyekeo. Mkishindwa, msijenge kitu juu ya mume wangu. Mwacheni na udongo wake mpaka mtakapokuwa tayari kujibu.