Risasi Iliyochanua Fuvuni

Runesu hakuwa mfuata nyayo, na hilo ndilo lililomla roho. Kazi yake kwenye kambi ya uwindaji kule Dande, bondeni Zambezi, ilikuwa kuchagua risasi. Kila asubuhi anakaa juu ya gogo nyuma ya jiko, anapanga risasi za mgeni kwenye mkanda wa ngozi. Laini kushoto, ngumu kulia. Laini ni za nyati na swala: ikishaingia mwilini inachanua kama uyoga, inararua kila kitu humo ndani. Ngumu ni za tembo: haichanui, haipindi, inatoboa fuvu mpaka kwenye ubongo. Ukimpiga tembo kichwani kwa laini, umemtukana tu, na matusi hayo atayalipiza. Runesu alizitofautisha kwa kidole gumba bila kutazama.

Lakini nani anamsifia mshika mkanda? Sifa zote zilikuwa za Chipendo, mfuata nyayo, mrefu kama mlingoti na mdomo wa pilipili.

"Mpishi!" ndivyo Chipendo alivyomwita mbele ya wageni. "Chambua maharage yako vizuri, lisije likaingia jiwe."

"Ipo siku utanikoma, wewe."

"Nikukome? Jamani, si ni huyu aliyepanda mti kule Angwa alipoona tembo jike? Mkanda kautupa chini, yuko juu analia kama paka. Nani alikushusha? Sema! Si mimi nilikubeba mgongoni?"

Kambi nzima ikafa kwa kicheko. Hata bosi Venter, mzungu aliyezaliwa hukohuko na kuongea Kikorekore kama muuza mbuzi, alicheka mpaka akashika mbavu. Habari ikatangulia nyumbani. Wanawake kisimani wakawa wanamuuliza mke wa Runesu, "Shoga, mumeo ameshashuka?"

Basi Runesu akawa na ombi moja tu duniani: amwone Chipendo akikimbia. Akimbie suruali imelowa, watu wanamtazama.

Nafasi ikaja siku walipotoka kutafuta nyati. Bunduki ya mgeni, jitu nene lenye kofia mpya, ilikuwa imejaa laini. Karibu na korongo Chipendo akachutama, akagusa udongo.

"Tembo dume. Mavi bado ya moto. Mpishi, hutaki kuyashika upashe mikono?"

Ilikuwa desturi yao: ukikuta nyayo za tembo, bunduki inamwagwa risasi zilizomo, na mchagua risasi anamkabidhi mgeni risasi mkononi. Na hakuna anayekagua. Kwa watu wa kambi ile, kuchungulia risasi alizotoa mwenzako ni sawa na kumwita mchawi.

"Ngumu?" akauliza Venter, macho yake kwenye majani.

"Ngumu, bosi."

Runesu alimpa mgeni ngumu mbili, na ya juu yake, ya kutoka kwanza, akampa laini. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: tembo atapata maumivu, atakuja, Chipendo atatimua mbio, Venter atammaliza tembo kwa bunduki yake. Halafu watacheka mpaka masika. Mpumbavu kabisa! Unacheza na tembo kama unacheza na mbwa wa jirani?

Wakamkuta kwenye majani marefu, kawageukia uso kwa uso. Mgeni akafyatua. Kichwa kikatikisika, vumbi likaruka, lakini goti halikukunjika. Tembo akaja.

Mgeni alivuta komeo la bunduki, likamkwamia. Akaganda. Chipendo angeweza kukimbia. Njia ilikuwa wazi upande wake. Badala yake alimrukia yule mnene, akamsukumia nyuma ya kichuguu. Mwenyewe hakupata muda wa kufika huko. Tembo alimpiga kwa mkonga, akapiga goti, akamkandamiza kwa paji la uso kama mwanamke anayekanda udongo wa chungu. Venter alipiga mara mbili. Tembo akaangukia palepale alipokuwa anakandia.

Aliyekimbia alikuwa Runesu. Alirudi bunduki ziliponyamaza.

Venter aliifunika maiti ya Chipendo kwa shuka la mgeni, akasimama akitafuna mdomo. Mtu akifa kambini lazima awepo wa kulaumiwa, na mgeni aliyelipia hawezi kuwa huyo.

"Alinuka pombe asubuhi, eti?" akamuuliza Runesu.

Chipendo alikuwa hajaonja pombe tangu mavuno.

"Alinuka, bosi."

"Nilijua. Mlevi tu. Basi nyayo utafuata wewe."

Ndiyo hivyo. Mtu hajapoa, na Runesu ameshachukua jina lake na mahali pake. Habari ikaenda kwa Ketai, mke wa marehemu: mumeo alilewa, akajiua. Kambi haimjui mlevi, hata ndoo ya unga hutapata.

Nyama ya tembo ikagawiwa kijijini. Ukoo wa Chipendo hawali tembo, ndiye mwiko wao, wakakaa mbali. Aliyepewa kichwa kupasua alikuwa bibi Sabhina, wa ukoo mwingine, mtani wa Chipendo. Wao mtani humwita sahwira: msibani anasema lolote, anaamuru lolote, na kukasirika ni marufuku hata kwa chifu.

Siku ya mazishi Venter alikuja, kavua kofia. Runesu alisimama kando yake, kavaa kisu kipya cha mfuata nyayo. Bibi Sabhina akaingia uwanjani amevaa suruali ya marehemu, anayumbayumba.

"Mimi Chipendo! Nimelewa chai ya rangi!"

Watu wakacheka huku wanalia. Akaigiza kuchutama, akaigiza kunusa. Kisha akabadili uso, akawa mtu mwingine, anachambua vitu kwa kidole gumba. Kicheko kikazidi. Kila mtu alimjua.

"Mpishi! Njoo unisaidie. Nimekuta jiwe kwenye maharage."

Mtani akiita, unakwenda. Runesu akaenda. Bibi akamfungulia kiganja. Palikuwa na kipande cha risasi kilichochanua kama uyoga, na chenga za mfupa zimenasa pembeni.

"Nimekitoa kwenye fuvu. Hakikufika hata nusu. Hii ni risasi ya mnyama gani, baba? Mimi mwanamke, sijui."

Venter alisogea, akaitazama ile risasi, akamtazama Runesu. Aliielewa kuliko wote pale, na uso ukamwiva.

"Mjibu bibi," akasema kwa Kikorekore.

"Ya nyati," Runesu akanong'ona.

Kicheko kikakatika. Ketai akainua kichwa kutoka kwenye mkeka.

"Kumbe," akasema bibi Sabhina, polepole. "Basi mti ule pale. Panda."

"Bibi, nakuomba..."

"Panda!"

Akapanda, mbele ya mkewe na bosi wake, kisu kikigonga matawi. Walimzika Chipendo chini ya mti huo, wakaimba, wakanawa mikono, wakala sadza, ugali wa huko, na mlenda. Venter aliondoka bila kumtazama juu. Jua likazama Runesu yuko hukohuko, amekumbatia shina. Desturi inasema aliyepandishwa na mtani hushushwa na ndugu wa marehemu, na hakuna aliyesogea. Aliyejua kumshusha walikuwa wameshamfukia.