Uto wa Nazi Kwenye Tangi

Niseme mapema, ili anayetaka kucheka acheke sasa amalize: gari langu lilikuwa likinuka viazi vya karai. Sikatai. Ni pikapu kuukuu ya dizeli, nililinunua likiwa limeshazeeka, na kwa miaka sita sikulitia dizeli ya kituoni ila nilipobanwa kabisa. Lilikwenda kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, niliyoyageuza mwenyewe uani kwangu, Tezo. Majirani walijua narudi kabla hawajaniona.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilipita kwenye hoteli za Bofa, mlango wa jikoni, nikachukua mafuta meusi waliyokwisha kukaangia. Nyumbani niliyachuja kwa kanga iliyochakaa, nikayapasha moto ndani ya pipa, nikayachanganya na spiriti kali na magadi yale makali ya kutengenezea sabuni, kisha nikayaacha yatulie. Chini huzama uchafu mzito mweusi, juu hubaki mafuta mepesi ya rangi ya chai isiyo maziwa. Hayo niliyaosha kwa maji, nikayakausha, ndipo yakaingia tangini. Hiyo ndiyo biodizeli. Aliyekuja kuniambia ni uchawi nilimtoa uani kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Jirani yangu mmoja ndiye aliyenichosha zaidi. Ana gari dogo jeupe, analiosha kila asubuhi utadhani ni bwana harusi. Kila tukikutana, salamu yake ilikuwa kuniuliza kama bajia zimeiva. Mimi nina hasira za karibu, na yeye alijua, akawa ananichokoza mbele ya watu. Nikaapa moyoni kwamba siku moja gari langu litafika mahali lake lisifike. Kiapo cha kipumbavu, lakini nilikiapa.

Mtu pekee ambaye hakulicheka gari langu ni mamangu. Alikuwa Mambrui, mjane, nami ni mwanawe wa pekee. Jioni alikaanga bajia na viazi akauza barazani kwake, na mafuta yaliyobaki hakuyamwaga. Aliyatia kwenye dumu, akalifunika kwa kisahani, akaniwekea. Nikifika, akisikia tu mngurumo, alitoka mlangoni akifuta mikono kwa leso, na kabla hata sijamwamkia aliuliza, "Gari lako limekula?" Ndipo aniulize habari zangu na za mke wangu. Mimi nikijifanya nimekasirika, namwambia gari limetangulia mbele ya mwana. Naye akinijibu kwamba mwana ana miguu, atakuja akitaka, lakini gari lisipokula mwana atapata kisingizio.

Alinijua. Visingizio nilikuwa navyo tele.

Sasa, lazima nieleze jambo la maziko yetu kwa asiyelijua. Mwanamke hushushwa kaburini na maharimu wake, yaani jamaa wa kiume asioweza kuolewa nao, na kama ana mtoto wa kiume, huyo ndiye wa kwanza. Huingia ndani ya kaburi, akampokea mamake, akamlaza ndani ya mwanandani, ule ubavu unaochimbwa pembeni, akamwelekeza kibla, akavifungua vifundo vya sanda. Ni kazi ya mara moja katika maisha. Mwaka tulipomzika dada yake, mamangu alinishika mkono tuliporudi nyumbani, akaniambia: "Siku yangu uingie wewe. Sitaki mkono mwingine ufungue vifundo vyangu." Nilimwambia nitaingia. Hakutaka jingine kwangu. Hakuwahi kuniomba nyumba, wala safari, wala nguo ya sikukuu. Hilo tu.

Mwaka huu msimu wa wageni ulipokwisha, hoteli kadhaa zilifunga jikoni zao na mafuta yakaniadimikia. Nikamlalamikia mamangu kwenye simu, nikasema gari limelala na mimi siwezi kuja. Nakiri kwamba dizeli ya kituoni ilikuwepo. Kisingizio tu.

Yeye alikwenda kuangusha nazi za minazi yake minne, akakaa juu ya mbuzi akakuna, siku baada ya siku, na bega lake bovu lile. Alikamua tui, akalipika mpaka uto ukajitenga, akauchuja. Nilipokwenda mwishoni mwa mwezi wa sita alinikabidhi dumu zima la lita tano la uto wa nazi, mweupe kama maji, unanukia nyumba nzima. Nilimuuliza ni wa kupaka nani, ana wajukuu wangapi wa kusukwa nywele. Akasema ni wa gari. Akasema lisilale njaa tena. Kisha akaongeza, kama mtu anayezungumza na mtoto, kwamba kipupwe kimeingia, uto hushika baridi, kwa hiyo asubuhi niuanike juani kwanza.

Nani katika pwani hii hajui hilo? Kila msichana aliyesukwa mwezi wa saba anajua chupa ya uto huamka imeganda, huwekwa ukutani penye jua ndipo ipakike. Lakini mimi ni mtaalamu, bwana. Nilimpa mamangu darasa zima kuhusu injini na joto lake, naye akanisikiliza kwa adabu, akitikisa kichwa.

Kosa langu lilianzia hapo. Ule uto ulitakiwa upikwe kama mafuta mengine yoyote, kwa spiriti na magadi, ugeuke uwe mwepesi. Nililiweka dumu karibu na pipa langu, nikalitazama, nikaona haya. Nimtilie magadi makali mamangu kwenye jasho lake? Mikono yake iliyokuna nazi zote zile? Nikajiambia uto huu ni msafi kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia kwenye gari hili. Nikaumimina tangini vivyo hivyo, wote, juu ya mabaki kidogo ya biodizeli. Nilifanya kwa mapenzi. Hilo ndilo linaloniua.

Wiki iliyofuata mamangu alishikwa na homa. Mke wangu alikwenda kumwuguza, mimi nikasema nitakuja Ijumaa. Alhamisi, baada tu ya sala ya alfajiri, mjomba wangu, ndugu wa mamangu, alinipigia simu. Hakuzunguka. Alisema mama ametutoka, maziko ni saa nne, nije.

Kulikuwa na manyunyu na baridi ile ya mwezi wa saba inayoingia mifupani. Gari liligoma kuwaka mara tano, la sita likawaka, likitoa moshi mweupe. Nilipolipeleka barabarani ndani kote kulinukia nazi. Nililia nikiendesha. Nilikuwa na muda wa saa nne nzima wa kufika, na safari yenyewe haifiki saa mbili. Sikuwa na wasiwasi wowote.

Baada ya Matsangoni gari lilianza kukohoa, likapungua nguvu, likazima. Nikafikiri ni taka za tangi, maana matangi ya zamani yana taka. Chujio jipya ninalo siku zote. Nikalibadilisha, likawaka, likaenda labda kilomita mbili, likazima tena. Nikiwa nimeinama kwenye injini, gari dogo jeupe likasimama. Ni yule jirani yangu. Alikuwa amevaa kanzu, amepata habari, anakwenda Mambrui kuzika, na watu wawili nyuma. Siku hiyo hakuuliza habari za bajia. Alishuka kwenye manyunyu, akanipa mkono wa pole, akasema, "Panda twende. Gari litakungoja, maiti hangoji."

Nafasi ilikuwepo pale mbele. Naikumbuka hata rangi ya kitambaa cha kiti. Na mimi, ambaye mamangu amelazwa huko anaoshwa, nikasikia aibu ya gari. Nikaona watu wa Mambrui wananiona nashuka kwenye gari la huyu. Nikamwambia, "Nenda. Nitakupita hapo mbele."

Akaomba tena, akaitaja heshima ya mama, nikamjibu vibaya. Akaenda. Mkataa pema pabaya panamwita, na pabaya pangu palikuwa papo hapo kando ya lami.

Nililifungua chujio la pili nikitarajia uchafu mweusi. Ndani kulikuwa kweupe. Limejaa uto ulioganda, mweupe, laini, kama ule anaopakwa mtoto mchanga. Niliuchota kwa kidole. Ulinukia nywele za mamangu. Hapo nilikumbuka neno kwa neno alivyoniambia niuanike juani, na mimi nikamfundisha habari za injini. Niliketi chini kwenye majani yaliyolowa.

Mtu mwenye akili angesimama akatafuta usafiri. Mimi nilivua shati nikalifunga chujio kwa shati, nikalikumbatia kifuani lipate joto. Nikalihemea. Nikaliweka kwapani. Uto ukiyeyuka kidogo nalirudisha, injini inashika, napiga hatua chache, inakufa. Kila iliposhika niliamini. Jua halikutoka. Saa tatu mjomba akapiga simu akauliza niko wapi. Nilimwambia niko Gede, naingia sasa hivi. Sikuwa Gede. Nilidanganya nikiwa nimekumbatia chujio, kifua wazi, mvua inaninyeshea. Akasema basi watanisubiri kidogo.

Nilipolitupa chujio kitini nikasimamisha bodaboda ilikuwa saa nne kasorobo. Mwendeshaji alijitahidi, Mungu ampe, lakini njia ni njia.

Nilikutana nao wakirudi kutoka makaburini. Wanaume wengi, wamekunja kanzu, wana udongo miguuni, wananiachia njia nipite bila kuniangalia usoni. Jirani yangu alikuwa miongoni mwao, mikono yake imejaa udongo wa mamangu. Mjomba alikuwa amebaki peke yake kaburini, ananingoja. Kaburi limeshafukiwa na kumwagiwa maji. Ni mzee yule, magoti yake mabaya, na kanzu ilikuwa imechafuka mpaka kifuani kwa kushuka na kupanda.

Nilimshika mkono nikambusu. Alinusa, nadhani, maana mikono yangu ilikuwa imelowa uto. Akasema polepole, "Tulikungoja nusu saa nzima, mwanangu. Imamu akasema tunamtesa. Vifundo nilivifungua mimi."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata pa kujishika.

Alasiri, baada ya watu kusoma na kula, nilirudi kulichukua gari kwa sababu liko barabarani na haliwezi kuachwa. Mawingu yalikuwa yametawanyika. Jua la saa kumi lilikuwa linapiga juu ya boneti, bati lina moto haligusiki. Nililirudisha chujio mahali pake bila matumaini, nikazungusha ufunguo.

Liliwaka mara moja. Halikukohoa. Lilinguruma vizuri, laini, vizuri kuliko lilivyowahi kunguruma kwa mafuta yangu yoyote ya kupika na kuosha. Niliupiga usukani kwa ngumi mpaka mkono ukavimba. Nililitukana gari, nikajitukana na mimi. Kisha sikuwa na la kufanya ila kuliendesha.

Nikalipeleka Mambrui, Gede nikaipita, Malindi nikaipita, harufu ya nazi imejaa tele. Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipokata kona ya nyumba ya mamangu. Niliegesha pale pale ninapoegesha siku zote, mbele ya baraza, na kwa mazoea nikaiacha injini ikinguruma kidogo ili asikie. Ndani walikuwamo wanawake wa matanga, mke wangu miongoni mwao. Walikatiza mazungumzo yao, kisha wakaendelea. Karai lilikuwa limetundikwa ukutani, na chini yake dumu lenye kisahani juu.

Nilikaa nimeutazama mlango, nikingoja. Hakutoka mtu kuniuliza kama gari limekula.