Siku Bibi Alipokalia Gamba la Mgomba

Juzi binti yangu alinisomea kwenye simu ushauri kwa wanaokwenda Ulaya kuteleza kwenye theluji: "Usitazame miguu, tazama unakokwenda." Nikasikia harufu ya utomvu wa mgomba.

Alasiri moja ya utotoni kule kijijini Maruku, mvua ilipokatika, mimi na wenzangu tulichuna mgomba wa bibi tukateleza kilimani juu ya magamba yake. Bibi alipotokea amejifunga kanga kiunoni, nilijua tunachapwa. Kumbe alilitaka gamba langu. Aliligeuza, upande laini ukawa chini, akalikalia.

"Msitazame miguu," alisema. "Tazameni mnakokwenda."

Akashuka akipiga vigelegele. Hakuna aliyefika mbali kama yeye.

"Kwani bibi yako aliwahi kuona theluji?" binti yangu aliuliza nilipomaliza kumsimulia.

"Hapana," nilimjibu. "Hao wa theluji ndio wamechelewa."