Tendegu la Mfenesi

Tulipoamua kufanya maonyesho ya vyombo vya nyumba za zamani za Pemba, kitu cha kwanza kilichonijia akilini ni kitanda cha shangazi yangu, na ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote kukipata.

Tulikuwa watu wachache, wengi wetu walimu waliostaafu, na tulipewa ukumbi katika jengo moja la zamani pale Chake Chake, lenye kuta nene na madirisha marefu. Wazo letu lilikuwa dogo tu. Nyumba za zamani zinavunjwa, zinajengwa za matofali, na vyombo vilivyokuwamo vinatupwa uani au vinachukuliwa na wanunuzi wanaopita vijijini kutafuta makasha na milango ya nakshi. Tukasema tuvikusanye kabla havijesha, watu wavione. Tukawaomba masheha na walimu wa madrasa watutangazie, na vyombo vikaanza kuja. Kiti cha kamba kilichokatika mgongo. Kasha la misumari ya shaba lisilo na kifuniko. Mdila wa kahawa uliotoboka. Mlango mmoja wa nakshi nzuri sana, ambao mwenyewe alikuwa ameulaza juu ya mtaro watu wapite. Tulivipokea vyote, tukavifuta vumbi, tukavipanga ukutani.

Kitanda hatukuwa nacho, na nyumba bila kitanda ni nyumba gani?

Shangazi yangu anakaa Ole, na ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa msichana mdogo, naanza kung'oka meno ya utotoni, baba akanipeleka kwa dada yake, ambaye yeye na mumewe hawakujaaliwa mtoto. Mumewe nilimwita Mzee, kama walivyomwita watu wote. Alikuwa mkulima wa karafuu na mihogo, mtu wa maneno machache mno. Nililala baina yao katika kitanda kile mpaka nilipofika umri wa kuona haya, nikatandikiwa changu. Kilikuwa kitanda cha samadari, kirefu, cha kupandia kwa kibago, kile kigoda cha kukanyagia. Mchago wake, yaani ule ubao wa upande wa kichwani, ulikuwa na vioo vidogo vidogo na maua yaliyopakwa rangi, na matendegu yake yalikerezwa duara juu ya duara. Nikiwa mtoto nilidhani tendegu ni neno la vitanda vya wakubwa, na kwamba vitanda vya watoto vina miguu tu. Chini yake kulikuwa na ndizi zilizovundikwa, nazi, majamvi yaliyokunjwa, na aghalabu paka na wanawe.

Nikaenda Ole kukiomba.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Shikamoo, shangazi. Nimekula."

"Marahaba. Umekula nini?"

Hakungoja jibu, akanipakulia mihogo ya nazi, nikala mbele yake. Nilipomaliza nikamweleza habari ya ukumbi na vyombo, kisha nikamwambia ninachokitaka.

Akanitazama kana kwamba nimemwomba avue buibui lake njiani.

"Kitanda kino? Kikatazamwe?"

"Watu waone, shangazi. Vijana wajue wazee wetu walikuwa wakilalia nini."

"Wazee wenu walikuwa wakilalia vitanda. Nani asojua?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Sikiliza, mwanangu. Kiti huwekwa barazani, kila apitaye akakiona. Mlango uko njiani. Hivyo vioneshe. Kitanda kimewekwa ndani. Mie tangu niolewe, mwanamme aloingia chumba hichi kwa ruhusa yangu ni mmoja. Leo n'kitoe n'kipeleke Chake, waje kina fulani na fulani wakizunguke?"

Alisema bila hasira. Nikamwosha miguu na kumpaka mafuta, kazi ambayo huifanya kila nikimzuru, tukazungumza mambo mengine. Niliporudi Chake niliwaambia wenzangu tutafute kitanda kwengine, au tukae bila ya kitanda.

Ikapita muda. Siku moja shangazi alikuja mjini kutazamwa macho, nami nikampokea. Tulipotoka kwa daktari nilidhani atataka kurudi kwake, lakini akanishika mkono akasema, "Nipeleke huko kwenye vyombo vyenu."

Ukumbi ulikuwa haujafunguliwa kwa watu bado. Alivua viatu mlangoni, ingawa nilimwambia hapana haja, akaingia polepole. Akasimama mbele ya kile kiti cha kamba. Nilikuwa nimekitilia kikaratasi.

"Pameandikwa nini hapa?"

"Kiti. Mti na kamba."

"Naona kuwa ni kiti. Cha nani?"

"Hatujui, shangazi. Aliyetuletea alikikuta bandani."

"Na kasha?"

"Nalo hatujui."

"Mdila?"

Nikatikisa kichwa. Akavipitia vyote, kimoja kimoja, akivigusa kwa ncha za vidole, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia wodini akakuta wagonjwa wasiokuwa na jamaa wa kuwatizama. Halafu akakaa juu ya benchi yetu ya kupumzikia.

"Kitanda n'takupa," akasema hatimaye. "Lakini nami n'fuatane nacho. N'kae papo. Na mkitilie pazia."

Nikambusu mkono. Sikuuliza kilichombadilisha, kwa kuogopa asije akabadilika tena.

Wa kukifungua kitanda tulimpata fundi seremala wa Chokocho, mtu wa makamo, mpole, aliyezoea vyombo vya kale. Alipofika mlango wa chumba alisimama.

"Bi, nina ruhusa?"

Shangazi alijitanda vizuri kanga yake.

"Ingia, baba. Ingia kwa kheri."

Alianza na godoro, kisha chaga, kisha mifumbati, ile miti mirefu ya ubavuni. Kila kipande alikitoa kwa mikono miwili akanipa mimi, nami nikakilaza juu ya jamvi uani. Mwisho yakabaki matendegu. Matatu yalikuwa mekundu yaliyokolea, yaling'aa kama yaliyotiwa mafuta. La nne lilikuwa la manjano iliyochujuka, nene, limevimba pale lilipotakiwa kuwa jembamba, na duara zake hazikukutana. Lilikuwa limechongwa kwa tezo, bila ya keezo, kile chombo cha kukerezea. Nililijua tendegu lile. Nililikuta pale niliporudi kutoka Unguja, nilikokwenda kusomea ualimu, na miaka yote nilidhani ni kazi ya fundi wa rahisi.

Fundi wa Chokocho alilishika akatabasamu kidogo.

"Bi," akasema, "hili nikuchongee jipya. Nitakufanyia kwa hisani yangu. Nitalikereza lifanane na wenzake hata mwenyewe usilijue. Halitakawia."

"Tendegu hilo lisiguswe," akasema shangazi.

Alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na fundi akaliweka chini mara moja. Shangazi akaona kwamba ametushtua. Akaketi juu ya kibago, kanga mdomoni, na maneno yake akayaelekeza kwangu, maana kumhadithia mwanamme asiye wake mambo ya chumbani hangeweza.

"Weye ulikuwa Unguja chuoni. Ilikuwa masika. Mie n'na homa, homa isokwisha, hata kukaa kitako siwezi. Mchwa wakalila tendegu, kitanda kikalala upande, nami nimo juu yake. Mzee akasema anakwenda kumwita fundi. N'kalia. N'kamwambia, mwanamme asiingie humu nami niko hivi, nywele wazi, sijiwezi. Basi akatia jiwe chini, akatoka. Mfenesi wetu wa nyuma ulikuwa umeangushwa na upepo. N'kasikia tezo uani. Ko, ko, ko."

"Mzee alijua useremala?" nikauliza.

"Alijua wapi! Hata mpini wa jembe akitiliwa na jirani." Akafuta macho, na huku anacheka. "Ikawa anakuja kupima. Ana ukindu mkononi. Anapima, ananambia, 'Umekunywa uji?' Anatoka. Ko, ko. Mara huyo, na ukindu wake. Anapima. 'Kichwa kikoje?' Anatoka. Siku nzima vivyo hivyo, na kesho yake, na kesho kutwa. N'kamwambia, 'Hebu mume wangu, tendegu ulilipima asubuhi. Limerefuka?' Kanambia, 'Nimesahau kipimo.'"

Akainamisha kichwa.

"Hakusahau," akasema.

Mvua ndogo ilikuwa imeanza, nikaona vipande vya kitanda vinalowa uani, wala sikunyanyuka. Nilikuwa namfikiri Mzee. Katika utoto wangu wote sikumsikia akimwita shangazi kwa jina la mapenzi, wala kumsifia pishi lake. Alikuwa akila, akisema alhamdulillahi, na akitoka. Alifariki hospitali Unguja, akarudishwa akazikwa hapo Ole, na shangazi akakaa eda juu ya kitanda kile kile, uso kaelekeza ukutani upande aliokuwa akilala yeye. Mimi nilikuja kila Ijumaa kumpikia, na siku zote hizo tendegu la mfenesi lilikuwa karibu na goti langu, nami sikujua habari yake.

Fundi ndiye aliyenyanyuka kwanza. Akaliokota tendegu, akalipangusa kwa upindo wa shati lake, akasema, akiitazama sakafu, "Basi hili tuliweke mbele."

Na ndivyo tulivyofanya. Kitanda kilichukuliwa kwa gari ya ng'ombe mpaka barabara ya lami, kisha kwa gari ya mizigo mpaka Chake. Shangazi alikaa mbele na dereva, mto wa kichwani mapajani. Ukumbini alikitandika mwenyewe: godoro la sufi alilolianika juani, shuka nyeupe, na maua ya mkilua aliyoyafunga kwenye pindo la leso. Tukatundika pazia la melimeli kukizunguka chote. Lakini tuliliinua kidogo kwenye pembe moja, na hapo lile tendegu la manjano likabaki nje, peke yake, mbele ya watu wote.

Alitandika mkeka wake pembeni. Wanawake aliwaruhusu kuingia wawili wawili nyuma ya pazia, na nilisikia humo minong'ono na vicheko, na mara moja mtu akilia. Wanaume waliambulia tendegu. Walipita, wakalitazama, wakadhani tumekosea.

Mzee mmoja mwenye bakora alisimama muda mrefu. "Bi," akauliza, "hili mbona limevimba hivi?"

Shangazi alinionesha mimi kwa kidevu. "Muulize huyo."

Nikamhadithia, kwa sauti ya chini, kama nilivyohadithiwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, taratibu, akiegemea bakora, akaliwekea tendegu kiganja chake kama mtu anayempima mtoto homa. Akaondoka. Siku ya pili alirudi na mkewe, aliyekuwa hatembei vizuri, amemshika mkono, na mkewe akaingia nyuma ya pazia akakaa sana.

Baada ya hapo maonyesho yetu yaligeuka. Watu hawakuleta tena vyombo na kuondoka. Walikaa mkekani kwa shangazi, wakasema: mbuzi hii alikunia nazi mama yangu mpaka siku ya harusi yangu; sinia hili tulilia chakula sote baada ya baba kutuacha. Nikaving'oa vile vikaratasi vyangu vya "mti na kamba" nikaandika wanayosema wao. Cha kile kiti cha kamba nilikiacha kitupu, maana mwenyewe hakutokea, na hakutokea mpaka leo.

Tulipofunga, wenzangu walinituma nimwombe shangazi akiache kitanda hapo moja kwa moja. Walikuwa na haki, kilipendwa kuliko vyote. Nikamwambia.

"Wallahi mmenistahi," akasema. "Lakini n'takufa lini sijui. Mpaka hapo n'lale wapi?"

Wenzangu walicheka walipopata jibu, na fundi wa Chokocho akaja tena kukifungua. Safari hii shangazi alimwambia aingie nyuma ya pazia kabla hajabisha hodi vizuri, akamtilia na chai ya mdalasini. Kitanda kikarudi Ole.

Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Wiki chache baadaye simu yangu ikalia wakati napika, na sauti ya shangazi ikaja juu, maana yeye husema na simu kana kwamba niko shamba la pili.

"Njoo! N'mepata kinu."

"Kinu cha nani, shangazi?"

"Cha jirani yangu huyu wa chini. Kimepasuka, kimeshonwa kwa waya. Alotwanga naye ni mke mwenzake, na mke mwenzake keshakufa, Mungu amrehemu, na yeye anataka kumsema."

"Kumsema vibaya?"

"Kumsema vizuri! Walikuwa hawasemezani, wakitwanga tu. Njoo asikie mtu mwengine, mie kanihadithia mpaka n'melia. Na njoo na sukari, kwake hakuna."

Nikazima jiko, nikajifunga mtandio, nikatoka kutafuta gari ya Ole.