Mbegu za Pamba Mgongoni

Jioni moja ninaikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nikiikumbuka bado natafuta mahali pa kukaa. Ng'ombe wa babu yako walikuwa wanarudi zizini, wale wa mbele wameshanusa maji, wanakimbia. Baba yako, huyu mwenye sauti ya kuwatisha ninyi nyote, alikuwa mtoto wa kutambaa. Alitoka nje bila mimi kumwona, akafika katikati ya lango la zizi, akaketi hapo kuchezea mavumbi.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Nilikimbia, nikafika, nikainama. Kilichobaki kilikuwa kumnyanyua tu, na sikuweza. Mkono wa kulia uligoma, na wa kushoto ukakimbilia kulishika bega la kulia badala ya kumshika mtoto. Nikabaki nimeinama juu yake napiga kelele, na kwato nazisikia. Mama mkwe wangu, niliyemwita Mayu kama tunavyomwita mama huku kwetu, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamnyakua mjukuu wake akaruka naye pembeni. Ng'ombe wakapita.

Nimesikia bega lako limetoka tena, na mazoezi uliyopewa hospitali umeyaacha kwa sababu unaogopa. Sikucheki. Kaa nikueleze hofu hiyo ninavyoijua.

Bega langu lilitoka mara ya kwanza tulipokuwa tunahamia kijiji cha ujamaa, kule upande wa Zagayu. Watu walibomoa nyumba, wakabeba milango na miti ya paa. Mimi nilitembea kando ya mkokoteni, mkono juu, nimeshikilia kinu kisidondoke. Ng'ombe wakashtuka, mkokoteni ukaruka, mkono ukavutwa nyuma pamoja na kinu. Mzee mmoja anayejua viungo alilirudisha bega, likafungwa kwa kitambaa, nikaambiwa nitulie. Nilitulia, nikadhani yameisha.

Baada ya kujifungua baba yako ndipo nilipojua hayajaisha. Bega lilitoka nilipoinua mkono kuchukua ungo darini. Likatoka nilipogeuka kitandani. Siku nyingine nilimweka mtoto mgongoni, nikarusha mkono juu kuivuta khanga, nikasikia mfupa unateleza kama kitu kisicho changu. Mtoto alianza kudondoka kichwa chini, Mayu akamdaka mguu. Tangu siku ile sikumbeba tena.

Mayu alinihurumia sana. Alichukua maji, kuni, jembe la shamba la kijiji, hata kibuyu cha kusukia maziwa akakiondoa mikononi mwangu. Nikimnyonyesha mtoto, yeye ndiye aliyemleta mapajani na yeye ndiye aliyemwondoa. Mkono wangu ulikaa kifuani mchana kutwa kama mgonjwa anayeangaliwa. Na ajabu yake, mwanangu, kadiri nilivyoupumzisha ndivyo hofu ilivyozidi. Mwanzoni niliogopa kuinua ungo. Mwishoni niliogopa kupiga chafya.

Ila kilichoniumiza zaidi ya bega ni baba yako mwenyewe. Akitaka kubebwa alimwinulia Mayu mikono, alimwinulia babu yako, alimwinulia hata mgeni. Mimi alinitazama tu. Alikuwa ameshajua kwamba kwangu habebwi.

Basi baada ya yale ya zizini, babu yako aliamua kunipeleka hospitali. Asubuhi alipiga pampu baiskeli yake, akaniambia, "Panda." Njia nzima hadi hospitali ya mjini nilikuwa nimejishika bega, kila shimo la barabara naliona kama litanitoa mkono.

Pale kulikuwa na mama mmoja wa mazoezi ya viungo, Bi Rehema, Mwislamu wa mjini, mtu wa maneno machache. Alinivua kitambaa, akaniambia nijitazame mabega yote mawili. La kushoto lilikuwa na nyama. La kulia lilikuwa limekonda, mfupa umejichora.

"Nani kaula mkono huu?" akaniuliza.

"Umepumzika, mama."

"Umepumzika mno. Mfupa huu unashikwa na nyama, na nyama zenyewe umezilaza njaa. Ukiendelea hivi utatoka hata ukicheka."

Akanionyesha. Nisimame kando ya ukuta, kiwiko kimebana mbavu, niusukume ukuta kwa mgongo wa kiganja bila mkono kusogea. Halafu kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ufungwe kwenye nguzo, niuvute kuelekea nje polepole, kiwiko kikiwa palepale, na kuurudisha polepole vilevile. Akanikataza kuinua mkono juu na kuupeleka nyuma mpaka aniruhusu. Akasema uchovu wa nyama niuvumilie, lakini nikisikia bega linataka kuteleza niache, nipumzike, nirudi kwenye zoezi dogo.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Unaogopa nini hasa?"

"Kumwangusha mwanangu."

"Basi hilo ndilo tutakalolifanyia mazoezi," akasema.

Nilianza nyumbani. Mpira ule nilioufunga kwenye nguzo ya zizi niliuvuta nimefumba macho, nikingoja mfupa uruke. Haukuruka. Kesho yake niliogopa tena kama sijawahi kuuvuta. Hofu haina kumbukumbu nzuri. Kila asubuhi unaitambulisha upya kwa mkono wako. Lakini nyama zilirudi kidogo kidogo, na nilipokwenda tena mjini, Bi Rehema aliniruhusu kusuka maziwa, kibuyu mapajani na viwiko karibu na mwili. Mayu alikitoa kibuyu chake kwa shingo upande.

Ndipo yakaja ya mbegu. Bi Rehema alitaka nizoee kubeba kabla ya kumbeba mtoto. Akasema nichukue mfuko, nitie mbegu za pamba mpaka ufikie uzito wa mtoto, niufunge mgongoni kwa khanga, niiname na kuinuka nao. Ukidondoka, zitamwagika mbegu tu. Kwangu lilikuwa wazo zuri. Sikujua kijiji kitaliona kwa jicho gani.

Tulikuwa tumepangwa nyumba kwa mistari, kila mlango unatazamana na mlango. Wanawake wanaopita kwenda kisimani waliniona ninazunguka ua na mfuko mgongoni umefungwa kama mtoto, na mtoto mwenyewe anatambaa chini nyuma yangu. Salamu zikawa fupi. "Mwadila, mayu," salamu yetu ya mchana kwa mama yeyote, wananiambia bila kusimama. Wengine walisema nimechanganyikiwa. Wengine walisema nalea kitu kisichoonekana, na kwamba kitataka nafasi ya mtoto wa kweli.

Maneno hayo yalimfikia Mayu. Alinikuta uani na mfuko mgongoni, akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa kuliko mimi.

"Shusha hicho," akasema.

"Ni mbegu, Mayu. Ni mazoezi ya hospitali."

"Mimi nimezika watoto. Mwanamke hafungi mgongoni kitu kisicho mtoto huku mwanae yuko hai. Unaita nini hapa?"

Nilishusha. Alichukua mfuko, akazimwaga mbegu zote mbele ya ng'ombe, wakazila. Nikakaa chini nikalia. Niliogopa kwamba nimemwitia mwanangu kifo, na niliogopa vilevile kwamba bila mfuko ule sitambeba maisha yangu yote. Hofu mbili zilinibana huku na huku, sikuona pa kutokea.

Mayu aliuweka chini mfuko mtupu. Kisha akaja akakaa karibu yangu, akaikung'uta ile khanga.

"Kama lazima ubebe, ubebe mwanao," akasema. "Nitasimama nyuma yako."

"Nitamwangusha."

"Utaniangushia mimi. Mimi nimemdaka mara ngapi?"

Tangu hapo ikawa hivyo kila jioni. Mimi mbele nimeinama, Mayu nyuma yangu, viganja vyake viwili wazi chini ya makalio ya mtoto. Yeye ndiye aliyemweka, mimi nikafunga khanga kwa chini, bila kurusha mkono juu, kama Bi Rehema alivyonifundisha. Nilihesabu pumzi. Mara nyingi niliomba ashushwe kabla sijainuka vizuri, naye alimshusha bila kuninuna. Na mpira sikuuacha, nguzo ile ikapata alama.

Siku moja ng'ombe walikuwa wanarudi tena. Mayu alikuwa kisimani. Baba yako, sasa anasimama kwa kushika vitu, alisikia kengele zao akaogopa. Akanigeukia. Akaachia ukuta akaniinulia mikono yote miwili, mimi, si mtu mwingine. Alikuwa hajawahi.

Sitakudanganya kwamba hofu iliondoka. Ilikuja yote, palepale. Nikabana kiwiko, nikapiga goti, nikamvuta kifuani kwanza, nikainuka naye. Bega lilikaa. Mayu aliporudi na mtungi wake kichwani alitukuta tumesimama, mimi na mwanangu na hofu yangu, nimewabeba wote. Alishusha mtungi, akaja akasimama nyuma yangu na viganja wazi, kama kawaida.

Mwanangu, mpira wako wa mazoezi ni ule uliouficha chini ya kitanda. Utoe leo. Usingoje hofu iishe ndipo uanze, maana utazeeka unaingoja. Anza na zoezi dogo, na usiruke kwenda kubwa bila kuruhusiwa na aliyekufundisha. Bega likitaka kuteleza, acha, urudi kwake umwambie. Na usijifiche chumbani. Mwambie mtu mmoja unachoogopa kwa jina lake, asimame nyuma yako.

Mungu ayape mabega yako nguvu ya kubeba utakaowapenda. Akupe wa kukuinulia mikono, na akupe wa kukudaka. Na jioni hii, ukimaliza kula, funga mpira wako kwenye nguzo hii ya mlango wangu. Mkono wangu umezeeka, lakini viganja bado vinafunguka. Nitasimama nyuma.